Ukuta Ambao Bhoke Hakuukandika

Nyumba ya Bhoke pale Busawe hukandikwa kila mwaka mavuno yakishaingia ghalani. Udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe, maji kidogo, halafu kiganja kinapita na kupita mpaka ukuta unang'aa kama shavu la mtoto aliyepakwa mafuta. Ukipita njiani utasema huyu mama ni msafi, na hutakuwa umekosea. Lakini ingia uani, tazama ukuta wa upande wa jikoni. Kipo kipande kimeachwa. Udongo mpya umekizunguka, na katikati umebaki ule wa zamani, umepasukapasuka, una maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa mkaa. Wageni hudhani Bhoke alichoka kabla ya kumaliza. Bhoke hajawahi kuchoka kabla ya kumaliza kitu.

Habari yenyewe inaanza na ng'ombe. Kwa Mkurya kila habari inaanza na ng'ombe, hata ikiwa ni ya shule.

Bhoke aliolewa na Nyangwine akiwa msichana mwembamba, akazaa mabinti, akazaa mabinti tena, akaishia hapo. Mabinti wakaolewa, ng'ombe wakaingia zizini, na Nyangwine akafa akiwaacha. Matanga hayajaisha, mdogo wa marehemu, Kisyeri, ambaye boma lake liko ng'ambo tu ya njia, akaja kukaa karibu na shemeji yake. Mdomo ulikuwa unatoa pole, macho yalikuwa yanapima uwanja.

"Shemeji," akasema, "nyumba isiyo na mtoto wa kiume ni jiko lisilo na moto. Hamia kwangu. Ng'ombe nitakuangalizia."

"Kisyeri," Bhoke akamjibu, "hata sufuria zangu hutaniangalizia."

Mila ipo, hakuitunga yeye. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, ikiwa ana ng'ombe, anaoa. Anatoa mahari kama mwanamume anavyotoa, mke anakuja, na watoto atakaowazaa kwa mwanamume ampendaye ni wa nyumba ya yule aliyemwoa. Wanabeba jina la marehemu mume wake. Nyumbani wanamwita Bibi kama bibi mwingine yeyote, lakini linapokuja jambo la ng'ombe, la jina au la kaburi, yeye ndiye baba. Hiyo inaitwa nyumba ntobhu. Siku hizi inasemwa vibaya kanisani na redioni, na wanaosema wana sababu, maana wapo wazee waliochukua vitoto vya shule wakavigeuza punda. Bhoke hakuchukua mtoto. Alimchukua Neema wa Nyangoto, mwanamke mzima aliyekuwa amechoka kuponda mawe ya dhahabu ya watu wengine. Neema aliulizwa mwenyewe, akajibu mwenyewe. Na siku ya kupeleka mahari Bhoke alivaa koti la Nyangwine, akashika fimbo, akawaswaga wale ng'ombe kwa mguu mpaka Nyangoto, vijana wa ukoo wakimfuata nyuma wakihema. Neema alipoletwa Busawe palichinjwa, na Kisyeri alikula nyama. Hilo la nyama ulishike.

Neema akamzaa Kezia, kisha Nice. Kisyeri alicheka sana ng'ambo ya njia. "Shemeji, umeoa na bado umepata wasichana."

"Watakuja na ng'ombe," Bhoke alisema. "Wewe wanao wanatoka na ng'ombe."

Basi. Maisha yakaenda. Kezia akasoma, akapelekwa chuo cha uuguzi mbali. Nice akabaki nyumbani akisoma sekondari ya kata, na alipofika kidato cha pili shule ikaita wazazi waje kuona watoto wanavyojua. Bhoke alikwenda na koti lake, akakaa benchi la mbele.

Mwalimu wa Kiingereza aliitwa Ambokile, kijana mrefu wa Mbeya, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Alianza vizuri. Aliwaeleza wazazi kwa Kiswahili kwamba kwenye Kiingereza mtenda na kitenzi lazima vilingane. Mtenda akiwa mmoja, kitenzi kinajigeuza kumfuata yeye peke yake, wakiwa wengi kinajigeuza kuwafuata wengi. Ukichanganya, sentensi inachechemea na Mwingereza anakucheka.

Bhoke alimwelewa mara moja. Nani asiyejua hilo? Ukimfunga fahali na ndama kwenye nira moja, plau linakwenda pembeni na shamba linakuwa aibu. Alimgusa mama aliyekaa naye. "Huyu kijana ana akili," alisema. Alimpenda kabisa. Hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo, kwamba alikuwa ameshaanza kumpenda.

Watoto wakaitwa ubaoni mmoja mmoja kuandika habari za nyumbani kwao. Nice alipofika akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: Bhoke is my father. She has married my mother. They have cows.

Mwalimu akachukua chaki akaanza kuweka vema. Is, vema. Has, vema. Have, vema. "Safi sana. Vitenzi vyote vimekaa," akasema. Kisha akasoma tena, na chaki ikasimama hewani.

"Nice, huyu baba yako ni she?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Baba ni mwanamke?"

"Ndiyo, mwalimu. Yule pale."

Darasa zima likageuka. Bhoke akakaa wima zaidi.

"Shikamoo, mama," Ambokile akasema, na kicheko kimeshaanza kumtekenya pembeni mwa mdomo.

"Marahaba."

"Mtoto anasema umeoa."

"Nimeoa."

Angeweza kuishia hapo. Angeweza kuuliza, kwa kuwa mgeni akiuliza hapungukiwi. Lakini alikuwa na wazazi mbele yake, na mganga na karani na mtendaji wameketi kwenye viti vya plastiki, na kijana mwenye hadhira ni kama mbuzi mwenye chumvi. Akawageukia watu.

"Wazazi, mnaona. Sarufi inaweza kuwa sawa na sentensi ikawa ya uongo. Mwanamke anaolewa. Huyu mama namheshimu, lakini kitenzi cha kuoa hana." Akapiga mstari mrefu juu ya maneno ya Nice, kuanzia Bhoke mpaka kwa ng'ombe.

Watu wakacheka. Wale wa viti vya plastiki Bhoke aliwasamehe palepale, au tuseme aliwaacha, kwa kuwa walitoka mbali na hawakujua. Lakini hata wa Busawe walicheka. Walicheka watu waliozaliwa kwenye nyumba za namna hiyo hiyo, wakicheka ili mwalimu asidhani na wao ni washamba. Na aliyecheka kuliko wote, akijipiga paja, alikuwa Kisyeri, ambaye nyama ya siku ya Neema ilikuwa imempitia kooni.

Bhoke akasimama, akakung'uta koti.

"Mwalimu, umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Mimi sijaanza."

Akatoka.

Alipofika nyumbani alichukua kaa kutoka jikoni, akamngoja Nice. Mtoto alirudi macho mekundu, Bhoke akampa lile kaa. "Andika hapo ukutani. Yote kama ulivyoyaandika. Bila ule mstari wake."

"Bibi, watu watasoma."

"Ndiyo maana nimekwambia ukutani."

Gulio lililofuata alikuwa ameshapewa jina. Kitenzi. Vijana wa bodaboda walikuwa wanamwita kwa mbali, "Mama Kitenzi, twende?" na wenzao wanamalizia, "Atakwendaje naye hana?" Kisyeri ndiye alilifuga lile jina likanenepa. Kila asubuhi akitoa ng'ombe wake alisimama njiani. "Shemeji, umeamkaje? Kitenzi kimerudi?"

"Kiko malishoni," Bhoke alikuwa anajibu. "Jioni utakiona."

Hakwenda kwa mkuu wa shule. Hakwenda kwa wazee kutaka mwalimu alaaniwe, ingawa Neema aliogopa kwamba angekwenda. Alichofanya ni kumkalisha Nice kila jioni wakipukuchua mahindi. "Nifundishe lile somo," alisema. "Mtu akipigwa lazima ajue fimbo ilikatwa mti gani."

Nice akafundisha. He goes, they go. She digs, they dig. Bhoke hakuwahi kufika popote shuleni zaidi ya kuandika jina lake na kusoma ubao wa kanisa kwa shida, lakini kichwa kilikuwa kikavu, kisichovuja.

"Ngoja," alisema. "Kumbe mmoja ndiye anabebeshwa hii es?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na wakiwa wengi wanakwenda mikono mitupu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini? Wengi si ndio wangesaidiana kubeba?"

"Sijui, Bibi. Ndivyo Kiingereza kilivyo."

Bhoke akapukuchua hindi zima. "Hicho Kiingereza kilitungwa na mtu anayemjua mjane," akasema mwishoni. "Ukibaki peke yako, hata neno wanakubebesha."

Mwaka ule walipokandika nyumba alimwambia Neema azungushie pale penye maneno. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Mkaa ukififia, Nice alipita juu yake tena.

"Bado hujasahau?" Neema alimwuliza mara moja, mikono imejaa udongo.

"Nisahau nini? Nimemwacha mwalimu anenepe tu."

Ambokile akahamishiwa Nyambureti. Watu walidhani mambo yameisha. Na Kezia, akishamaliza chuo, akapangiwa zahanati ya huko huko Nyambureti. Akamtibu malaria kijana mmoja mrefu mwenye shati la pasi kabla hajajua hasa ni nani, na alipokuja kujua moyo ulikuwa umeshavuka mto. Haya hutokea. Wilaya yenyewe ni hii hii moja.

Kezia hakumficha mama yake. Alikuja nyumbani wikiendi moja, akamkuta Neema kisimani, akamweleza: kuna mtu anataka kumwoa, ni yule mwalimu, amejuta, ila anamwogopa Bibi. Na kuna njia. Babu Kisyeri amesema yuko tayari kupokea ng'ombe yeye, kama baba mdogo. Wajomba wa Ambokile watatoka Mbeya, ni watu wa kanisa, wakikuta mwanamke mzee amekaa kiti cha baba wataanza maswali.

"Wewe unaona sawa?" Neema aliuliza.

"Mama, naona aibu tu. Siku moja. Baada ya hapo Bibi atabaki Bibi."

Neema alibeba maji na maneno yale mpaka nyumbani, akavitua vyote viwili mbele ya Bhoke. Hakuna alichomficha mwanamke huyo tangu siku alipoletwa kwake kutoka Nyangoto.

Bhoke alisikiliza. Lile la Ambokile halikumshtua. Lile la Kisyeri hata kidogo, kwa kuwa fisi hubadilisha njia, habadilishi tumbo. Lakini lile la Kezia, la aibu ya siku moja, lilimwingia chini ya mbavu. Huyu alimbeba mgongoni akiwa na surua. Huyu jina lake ni Nyangwine kwa sababu Bhoke alitembea mpaka Nyangoto na viatu vikakatika njiani. Kisyeri akipokea ng'ombe wale, ukoo mzima utakuwa umekubali kwamba Neema aliolewa bure, kwamba watoto hawa ni wa Kisyeri, na boma ni lake. Mstari wa chaki utakuwa umepigwa mara ya pili, na safari hii hautafutika.

"Waambie walete," akasema.

"Kwa Kisyeri?"

"Kwa Kisyeri. Usiwazuie, usinune, usipike. Kitu kimoja tu. Watakuja kuomba maziwa ya baraka."

Neema akamtazama, akaelewa, akakaa chini.

Maana hili ndilo ambalo mwalimu na shule yake yote hakulijua, na Kisyeri alijua ila tamaa ilimfunga macho. Binti akitolewa, ng'ombe wakishaingia, baba hupuliza maziwa. Kibuyu hutoka jikoni kwa mama wa binti, baba anapiga funda, anawapulizia bwana na bibi harusi kifuani, hapo ndipo ndoa inasimama. Na anayepuliza lazima awe yule aliyemtolea mama ng'ombe. Akipuliza mwingine, maziwa yale yanamrudia yeye, kwenye zizi lake na kwenye wajukuu wake. Wapo Wakurya wanaosali kanisa kila Sabato na hawamwogopi mtu, lakini funda lile hawalipigi.

Siku ikafika. Bhoke alikuwa ameshatengeneza lango la zizi lake, nguzo mpya, amelifunga. Akavaa koti la Nyangwine, akaweka kigoda nje ya lango, akakaa na fimbo magotini. Kutoka pale anaiona njia panda: kushoto kwake, kulia kwa Kisyeri. Wajomba wa Mbeya wakafika na gari dogo lililokodiwa, wamevaa suti, na nyuma yao ng'ombe wanaswagwa. Ng'ombe wa mbele, dume jekundu, lilifika njia panda likataka kwenda kushoto. Wanasema ng'ombe ananusa zizi la haki. Mimi naona alinusa nguzo mpya. Vijana wa Kisyeri wakampiga, akaenda kulia.

"Shikamoo, shemeji," Kisyeri akaita kutoka langoni kwake, viatu vinang'aa. "Huji kula?"

"Marahaba. Nitakula baadaye."

Wakala pilau. Wakanywa soda. Kisyeri akatoa hotuba ndefu juu ya binti yake Kezia, jinsi alivyomlea, na Bhoke akaisikia yote kwa kipaza sauti, neno kwa neno, bila kutikisa fimbo. Kisha Mzee Simoni, mkubwa wa ukoo, ambaye aliambiwa kwamba Bhoke ana miguu mibovu na ameachia mambo, akasema, "Haya, maziwa."

Neema akaingia na kibuyu. Alikuwa amevaa kanga yake nzuri, uso hauna kitu. Akakiweka mikononi mwa Kisyeri, akasema kwa sauti ya kawaida tu, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu: "Maziwa haya yametoka kwa Bhoke. Amesema baba yake Kezia apige funda."

Kisyeri akainua kibuyu. Akakifikisha mdomoni. Akakishusha kama mtu aliyeona nzi ndani. Akakiinua tena. Ambokile na Kezia wamepiga magoti mbele yake wamefumba macho, wanangoja kulowa.

"Kisyeri," Mzee Simoni akasema taratibu. "Ng'ombe wa mama yake huyu mtoto walitoka zizi gani?"

Kisyeri akakitazama kibuyu.

"Nimekuuliza. Nyama yake nilikula. Na wewe ulikula, ulikuwa umekaa mkono wangu wa kushoto."

"Walitoka kwa Bhoke."

"Bhoke amekupa nafasi yake? Kwa kinywa chake?"

"Ni kama amenipa."

"Basi kunywa."

Kisyeri akaweka kibuyu chini. Wajukuu wake walikuwa wanacheza pale uani, na macho yake yalikwenda kwao.

Mjomba wa Mbeya akauliza kwa adabu kama kuna tatizo. Mzee Simoni akamwambia hapana, ila ng'ombe wamepotea njia. Akamgeukia Kisyeri. "Watoe. Wewe mwenyewe. Ulivyowaingiza, watoe."

Kwa hiyo Busawe yote ikaona. Kisyeri, na viatu vyake vya kung'aa, aliingia zizini kwake kuwatoa ng'ombe wasiotaka kutoka, dume jekundu likamburuza kwenye mavi, na watu ambao zamani walicheka upande ule sasa wakacheka upande huu. Watu ni hivyo. Wakavuka njia wote: ng'ombe, wazee, suti, kipaza sauti. Ambokile akatangulizwa mbele na fimbo mkononi, kwa kuwa mwoaji ndiye anayebisha.

Bhoke hakusimama.

"Nani?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi, Mwalimu Ambokile."

"Marahaba. Mwalimu wa jina hilo nilimwona zamani. Alisema hapa hakuna baba. Wewe umekuja kwa nani?"

Kijana akahamishia fimbo mkono wa pili. Jua lilikuwa la mchana, limemwangukia kichwani. "Nimekuja kwa baba yake Kezia."

"Yuko wapi?"

"Ni wewe."

"Sisi hapa tunamwitaje baba?"

Akamtazama Kezia, Kezia akatazama chini. "Tata," akasema.

"Sikusikia, masikio yamezeeka. Na wale kule nyuma hawajasikia, na walikuwepo siku ile. Mpeni kipaza sauti."

Akapewa. "Tata," ikatoka ikazunguka mpaka kwenye miti ya Kisyeri ikarudi.

"Sawa. Sasa njoo uani."

Akampeleka yeye peke yake mpaka penye ukuta, watu wamejaa langoni wanachungulia. Maneno yalikuwa meusi, Nice aliyapitia asubuhi ile. Nice mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni jikoni, amemaliza kidato cha nne, amekunja mikono.

"Mwalimu ni wewe. Soma."

Akasoma. Bhoke is my father. She has married my mother. They have cows. Alisoma vizuri, sauti ya darasani, ila mwisho wake ilikatika.

"Vitenzi vimekaa?"

"Vimekaa."

"Na mtenda?"

Ambokile akageuka. Alimtazama yule bibi kwenye koti la mwanamume, mabega mapana kuliko mtu mwenyewe. "Na mtenda yupo," akasema. "Nilikosa, Tata. Ningeuliza."

Kama ungekuwa wewe, pengine ungelainika. Wengi waliokuwa langoni walilainika, mama mmoja akajifuta na upindo wa kanga. Bhoke alimtazama tu, kama anavyotazama mahindi kuona yamekauka.

"Ng'ombe waingie," akasema. "Mwalimu akae pale kwenye benchi, angoje. Mimi sijala tangu asubuhi."

Akakaa akala. Ugali wa mtama na mtindi, taratibu, tonge kwa tonge, mbele ya suti na kipaza sauti. Alipomaliza akanawa, akaagiza kibuyu, akapiga funda, akawapulizia wote wawili vifuani, na akapuliza vizuri, kwa pumzi yote, kwa kuwa kazi ikiwa kazi haifanywi nusu.

Kezia alikuwa analia. Ilipokuwa wakati wa kuaga alikuja mpaka kwenye kigoda. "Umenidhalilisha siku yangu," akasema. "Ungeweza kumwambia ndani, tukiwa sisi tu."

"Yeye aliniambia ndani, tukiwa sisi tu?"

"Alikuwa mtoto wa watu, hakujua."

"Na wewe?"

Kezia akageuka. Aliondoka na gari dogo, na tangu siku ile akija Busawe anakuja asubuhi anaondoka kabla ya chakula, anamsalimia Bhoke kwa mkono baridi. Neema hulisikitikia hilo akiwa jikoni, na kuna siku hulisema. Bhoke humwambia mkono baridi ni mkono, na jina la Nyangwine lipo kwenye cheti cha mtoto wa kwanza wa Kezia, limeandikwa katikati, mahali pake.

Kisyeri siku hizi anatoa ng'ombe wake kwa njia ya nyuma. Jina la Kitenzi bado linaitwa, lakini linaitwa tofauti. Vijana wa bodaboda wakimwona wanasimama. "Shikamoo, Tata Kitenzi, tukupeleke?" Anapanda, akipenda.

Ambokile huja na mkewe. Ni mkwe mwenye adabu, analeta sukari, anasalimia kwa Kikurya kilichonyooka kuliko cha wengine waliozaliwa hapa. Benchi lake ni lile lile, na Bhoke hajalihamisha. Linatazama ukuta. Akinywa chai anayaona, akimeza andazi anayaona, na mtoto akiwa magotini huyaonyesha kwa kidole na kuuliza.

Mwaka huu mavuno yalipoingia Neema alichanganya udongo, akaufikia upande wa jikoni, akasimama na kiganja kimejaa.

"Tata yake Kezia," akasema, kwa kuwa wakiwa wawili humwita hivyo akitaka kitu. "Ameshaomba radhi. Mbele za watu. Nipitishe?"

Bhoke alikuwa juani anapepeta ulezi. Hakuinua kichwa.

"Zungushia."